Ukumbi wa video wa Katuba, Lubumbashi: filamu ya kanisa, na kilichokuwa chini yake

Niseme mapema nisije nikashukiwa: tikiti za ukumbi huu nazichapa mimi, na mwenye ukumbi bado ana deni langu. Mlangoni nililipa kama kila mtu, faranga 2,000.

Jumamosi hiyo hakukuwa na mpira. Walionyesha filamu kuhusu St Bride's, kanisa la parokia katika barabara ya Fleet Street, London. Kiingereza kitupu. Aliyetukalisha saa mbili juu ya mabenchi yasiyo na egemeo ni kijana wao mfasiri. Anapunguza sauti, anachukua mti wa ufagio, anagonga ukuta: "Bapapa na bamama, muangalie hapa chini!"

Kanisa la zama za kati liliteketea katika moto wa 1666, msanifu majengo Christopher Wren akajenga jingine hapo hapo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakalichoma na hilo. Zikabaki kuta na mnara. Kabla halijajengwa upya, mwanaakiolojia W. F. Grimes akachimba, 1952 na 1953. Alikuta misingi ya makanisa ya zamani, moja limekalia jingine, na chini kabisa sakafu ya Waroma. Kijana alirundika madaftari mezani, akawa anayatoa moja moja mpaka tukaona ubao mtupu. "Huyu ni Muroma," akasema. Watu wakacheka, lakini walielewa.

Halafu mifupa, ya maelfu ya watu. Vyumba vya chini ya kanisa, walimozikwa, vilizibwa katikati ya karne ya 19, baada ya kipindupindu. Hapo ukumbi ulinyamaza; neno hilo hatuhitaji kutafsiriwa. Zaidi ya watu 200 walikuwa na vibao vya majina na umri kwenye majeneza yao, kwa hiyo wataalamu wanaokisia umri kwa kutazama mifupa wanaweza kujisahihisha. Mama mmoja akauliza kama ni sawa na Sanga, kule kwenye ziwa Kisale, walikofukua makaburi yenye vyungu na misalaba ya shaba. "Kule hakuna kibao, mama. Chungu ndicho kinasema." Kwa jibu hilo peke yake nilisamehe mabenchi.

Jenereta sikulisamehe. Limewekwa chini ya dirisha la kulia, na ukikaa huko utaona mti wa ufagio unacheza tu. Tena, Wynkyn de Worde, aliyehamishia uchapishaji wake Fleet Street mwaka 1500 hivi na kuzikwa katika kanisa hilo, alipitishwa kwa sentensi moja! Nimekula wino miaka ishirini, sikuvumilia. Nikapaza sauti arudishe nyuma. Akarudisha, dakika moja, huku vijana wa nyuma wananizomea.

Jumamosi ijayo wanairudia. Kaeni kushoto. Tikiti 100 nimeshazichapa, na deni limepanda.