Miezi 14 na mashine yao ya kadi: makato niliyopinga na yaliyorudi

Mashine ya kupokea malipo ya kadi niliyopewa na kampuni hii kwa duka langu sina ugomvi nayo. Risiti zinatoka, mtandao hausumbui, fedha zinaingia benki siku inayofuata. Ugomvi wangu ni makato.

Siku ya kusaini, wakala wao alinitajia makato ya asilimia 1.9 ya kila malipo ya kadi. Mwezi wa tano nikaona kinachoingia benki hakiendani na mauzo. Nikachukua taarifa ya mwezi na kikokotoo, nikajumlisha kila kilichokatwa, hadi ada ya kunitumia taarifa hiyohiyo, nikagawanya kwa mauzo ya kadi. Ikaja asilimia 3.4. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Mteja akilipa kwa kadi, makato huenda sehemu tatu: benki iliyotoa kadi, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye fungu kubwa; mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard; na kampuni iliyokupa mashine. Fungu la benki si la kujadiliana dukani. Umoja wa Ulaya uliliwekea ukomo kwa sheria mwaka 2015, asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa za mkopo, na Marekani wafanyabiashara walilifungulia kesi tangu 2005. Fungu la kampuni yako ndilo unaloweza kulibana, na kwangu ndilo lilikuwa limefichwa.

Ile 1.9 ilikuwa ya kadi za kawaida zinazochomekwa kwenye mashine, basi. Kadi zenye pointi, kadi za makampuni na namba ninazoandika mwenyewe mteja akiagiza kwa simu, zote zilipandishwa daraja, yaani zilikatwa zaidi. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na mstari "ada ya mtandao". Niliwauliza ni mtandao upi wa kadi umeipanga, wanionyeshe. Hawakuweza. Ilikuwa nyongeza yao wenyewe. Chini yake kulikuwa na faini ya kila mwezi kwa kutojaza dodoso la PCI DSS, kanuni za kulinda taarifa za kadi za wateja, ambalo hakuna aliyewahi kuniambia lipo. Nililijaza jioni moja, mwezi uliofuata faini ikaisha.

Simu hazikunisaidia, kila anayepokea anaanza upya. Kilichowasogeza ni barua: nakala za taarifa, mistari ninayoipinga nimeizungushia kalamu nyekundu, bei niliyopewa na kampuni nyingine, na ombi moja, nitozwe gharama halisi ya benki na mtandao, kisha faida yao iandikwe peke yake. Walijibu baada ya siku 11 wakakubali. Sasa nalipa asilimia 2.3.

Kinachoniuma ni marejesho. Nilidai miezi mitano, nikarudishiwa miwili, kwa sababu mkataba unasema pingamizi lisipofika ndani ya siku 60 makato yanahesabika umeyakubali. Kifungu hicho sikukisoma, na wakala hakukitaja. Soma taarifa yako siku inapofika, usiiweke kando hata wiki moja.

Nawapa nyota mbili, zote za mashine. Kuvunja mkataba kabla ya muda kuna adhabu, na usipotoa taarifa siku 90 kabla ya kuisha unajirefusha wenyewe kwa mwaka. Barua yangu ya kutorefusha nimeshaipeleka, na nakala ninayo, imegongwa muhuri wao wa kupokea.