Duka la Vitu vya Zamani Ngamiani, na Bunduki Iliyoitwa Gobore

Kwa anayetafuta taa ya chemli, pasi ya mkaa, cherehani ya miguu au kitasa cha mlango wa kale, duka hili dogo la vitu vilivyotumika lililopo Ngamiani, Tanga, linastahili kutengewa nusu siku, mradi mteja asichoke kuhamisha marundo. Nilifuata bawaba za shaba, na nyuma ya vitanda viwili vya besera vilivyosimamishwa ukutani nikakuta bunduki ndefu iliyofungwa karatasi yenye neno moja: "Gobore".

Haikuwa gobore. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, ilhali hii ina komeo nyuma, na nilipofuta vumbi upande wa kushoto zilijitokeza herufi za Kijerumani cha kale, I.G. Mod. 71, yaani bunduki ya askari wa miguu ya mwaka 1871, kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser. Hupokea risasi moja moja ya milimita 11, na haina kifaa cha kurusha ganda nje: komeo hulivuta, kisha mpigaji huinamisha bunduki ubavu ili lidondoke. Nilijaribu komeo, lilikwama katikati kwa kutu. Kitako kilikuwa kimeliwa na mchwa, na mahali pa mkanda palifungwa waya wa seng'enge.

Kwa mji huu hicho si kitu kidogo. Novemba 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopambana na majeshi ya Uingereza kutoka India, yaliyoteremka Ras Kasone, walikuwa bado na bunduki za aina hii, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito hata kila mlio ukamwonyesha adui mpigaji alikojificha. Baada ya ushindi waliteka bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, pamoja na bombomu 16. Sidai kwamba hii yenyewe ilikuwapo siku hiyo, ilinitosha kuishika.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Mwenye duka, mzee mpole asiyebania maelezo, alinitajia Sh 350,000 na kuongeza, "Itundike sebuleni, mwanangu, inapendeza," bila karatasi yoyote. Kumiliki silaha nchini kunahitaji kibali, na tangu mwaka 2015 tuna sheria mahususi ya udhibiti wa silaha na risasi. Kutu si kibali. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii ingefika polisi kwanza, kabla haijakuletea balaa." Hakukasirika. Niliporudi juma lililofuata, ukuta ulikuwa mtupu, naye akanieleza kwamba ameisalimisha kituoni na kwamba sasa kila chuma cha kale anakiuliza kilikotoka kabla ya kukinunua.

Bawaba nilizipata siku hiyo hiyo: jozi mbili kwa Sh 15,000, za shaba kweli, zinageuka bila kelele.