Karatasi ya kung'aa ya kuzuia baridi kwenye trela: tuliamka godoro limelowa

Nilisubiri hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa.

Trela letu la kulala ni dogo, la mitumba, kuta nyembamba na madirisha ya kioo kimoja. Hela ya kubandua kuta na kuzijaza upya hatukuwa nayo, basi nikanunua roli za ile karatasi ya kung'aa yenye mapovu ya hewa. Lebo iliapa kwamba inatosha kwa baridi kali. Niliibandika madirishani, ukutani nyuma ya kitanda, mpaka ndani ya makabati. Siku mbili nimepiga magoti.

Usiku wa kwanza wa baridi ya kweli tuliwasha hita ya gesi, tukalala vizuri, nikamsifu hata aliyeniuzia. Alfajiri mke wangu akaniamsha: "Baba watoto, mbona huku kumelowa?" Nikaivuta karatasi. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota barafu, nayo ilikuwa inayeyuka na kutiririka chini ya godoro, upande wanakolala watoto.

Sasa naelewa kilichotokea. Watu wanne wanapumua usiku kucha, birika linachemka, na hita yetu haina bomba la kutolea moshi nje. Kilo 1 ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 ya maji, yote mvuke. Mvuke ulipenya pembeni mwa karatasi, ukakutana na ukuta wa baridi, ukaganda hapohapo nisipoweza kuuona. Na mng'ao wenyewe unahitaji nafasi ya hewa mbele yake ndiyo urudishe joto. Upande uliogandamizwa ukutani haufanyi kazi yoyote. Unabaki na unene wa mapovu, milimita chache tu.

Nikampigia muuzaji. Nilianza kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, naomba unisaidie, maji yanatoka nyuma ya karatasi." Hakuniacha nimalize. "Karatasi haina tatizo. Tatizo ni nyinyi kujifungia humo mkapumua." Akacheka, akakata simu.

Kilichoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Hewa ilihitaji njia ya kutokea. Lakini ni yeye huyohuyo aliyeniambia nizibe kila tundu, hata yale ya chini karibu na mlango! Matundu yale yamewekwa kwa sababu: propani ikivuja hutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na moto wa ndani ukikosa hewa safi hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoua na haina harufu. Tulilala hivyo na watoto. Kila nikikumbuka mikono inatetemeka.

Niliibandua karibu yote. Madirishani nimekata vipande vya povu gumu vya sentimita 2.5, vinabana kwenye fremu bila gundi, asubuhi unavitoa na kukausha kioo. Povu hilohilo nimezungushia chini ya trela, na mabomba hayajaganda tena. Matundu ya chini yako wazi, dirisha la juu linaachwa wazi upana wa kidole, na hita ile tumeacha kulala nayo ikiwaka. Gharama haikuzidi ya karatasi, na tofauti unaisikia miguuni ukikanyaga sakafu.

Kipande kimoja cha karatasi nilikibakiza, nakiweka nje ya kioo wakati wa jua kali. Hapo inafanya kazi vizuri sana, lazima niseme haki. Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota tatu. Nikaandika mbili. Halafu nimetoka kufungua kabati la chini sasa hivi: bado linanuka kuvu, na sweta za watoto zimo humo.

Moja.