Misalaba miwili ya Kilmainham: ziara yangu ya gereza la Dublin

Kama una siku moja tu Dublin, itumie Kilmainham. Kata tiketi mtandaoni mapema, kwani gerezani huingii peke yako. Mnaingia kwa kundi pamoja na mtembeza wageni, na nafasi huisha haraka. Ziara ni kama saa moja. Mimi nilijuta kutochukua koti, maana mawe yale yana baridi yake.

Gereza lilifunguliwa 1796 na kufungwa 1924. Tulianzia kwenye kanisa dogo, alipofungia ndoa Joseph Plunkett na Grace Gifford usiku wa tarehe 3 Mei 1916. Saa chache baadaye, alfajiri, Waingereza wakampiga risasi bwana harusi, kwa kuwa alikuwa mmoja wa viongozi wa Uasi wa Pasaka, uasi wa Waairishi dhidi ya utawala wa Uingereza. Mtembezaji wetu alisimulia polepole, bila kuigiza, nasi sote tukanyamaza.

Lakini kilichonishika hasa ni ua ambako wafungwa walikuwa wakiponda kokoto. Viongozi 14 wa Uasi wa Pasaka waliuawa hapo kati ya tarehe 3 na 12 Mei. Kuna misalaba miwili. Mmoja uko upande wa mbali, walipouawa 13. Wa pili uko karibu na lango, na ni wa James Connolly. Alikuwa na jeraha la risasi kifundoni, hawezi kusimama; wakamleta kwa gari la wagonjwa, wakamfunga kwenye kiti, wakampiga risasi hapo hapo alipoingilia. Nilikuwa nimeyasoma haya zamani, ila nilipotazama jinsi msalaba ule ulivyo karibu na lango, machozi yalinitoka. Wengi mjini walikuwa wamewakasirikia waasi. Vifo vile vya siku baada ya siku viliwageuza. Mwaka 1918 chama cha Sinn Féin, kilichotaka uhuru, kilinyakua viti 73 kati ya 105 vya Ireland katika bunge la Uingereza.

Nawaheshimu pia watunzaji wa gereza kwa kutoficha yaliyofuata. Novemba 1922, katika vita vya Waairishi wenyewe kwa wenyewe kuhusu mkataba na Uingereza, vijana wanne walipigwa risasi humo humo kwa amri ya serikali ya Waairishi. Na Grace, yule bibi harusi, alifungwa Kilmainham mwaka 1923. Akachora Bikira Maria na Mtoto kwenye ukuta wa seli yake.

Natoa nyota tano. Tenga saa nyingine kwa ajili ya makumbusho, usome barua za mwisho za waliohukumiwa kabla hujatoka.