Tamthilia za Kikorea kwenye vibanda vya muvi, Mwanjelwa

Kwa wingi wa tamthilia za Kikorea, vibanda vya kurushia muvi pale Mwanjelwa, Mbeya, vimejitosheleza: za wafalme, za mahakamani, za mapenzi, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa.

Balaa liko kwenye flashi. Tamthilia nyingi za Kikorea zina episodi 16. Kila moja ikiwa na MB 500, jumla ni MB 8,000, na flashi ya GB 8 kompyuta huisoma kama GB 7.4 tu. Inayobaki nje ni episodi ya 16, mwisho wenyewe, na muuzaji hasemi kitu! Nenda na ya GB 16. Kwa Jumong, yenye episodi 81, hata ya GB 32 haitoshi kwa ukubwa huo.

Ukisikia sauti huku kioo cha TV kikiwa cheusi, usiilaumu flashi. Mara nyingi faili limebanwa kwa HEVC, mfumo wa kubana video ambao TV nyingi za zamani haziujui. Omba la H.264, mfumo wa zamani zaidi, ingawa ni zito zaidi. Anayetaka maandishi chini ahakikishe amewekewa na faili la srt, lenye jina lilelile la video, kwenye folda moja.

Zilizotafsiriwa, sauti moja huwasemea wote, mpaka bibi kizee. Kwenye vita vya wafalme inanoga kweli. Kwenye mapenzi inaharibu: Wakorea huwaacha wawili watazamane kimya muda mrefu, na mtafsiri anajaza kimya hicho kwa utani wake. Hizo chukua zenye maandishi.