Unga wa pektinesi kwenye saida ya nyumbani: uzoefu wangu

Nimekulia Uchagani, kwa hiyo pombe isiyo angavu hainitishi. Mbege ikiwa angavu, wazee wangeuliza imetiwa nini. Lakini huku Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, watu huinua glasi ya saida, yaani pombe ya matofaa, dirishani kwanza, ndipo wanywe. Yangu, ya matofaa aina ya Bramley niliyogawiwa na jirani, ilikaa kwenye mtungi wa kioo wa lita 4.5 kuanzia vuli hadi baridi kali bila kutakata. Chachu ilishatua, mashapo yameshikana chini, juu bado imetibuka.

Nikanunua pakiti ya pektinesi, kimeng'enya kinachovunja pektini, ile ile inayogandisha jemu. Kabla ya kuifungua nilipima, maana unga huu hausaidii kitu kama kutibuka huko kumeletwa na chachu au protini. Unatia sehemu moja ya saida na tatu za spiriti ya kuwashia kwenye kichupa, unatikisa, unasubiri. Spiriti ya hapa hutiwa rangi ya zambarau, na ndani ya zambarau ile zikajitokeza nyuzi zinazovutana, mabonge laini kama ute wa bamia. Ni pektini, hakuna ubishi. (Kichupa hicho unakimwaga. Spiriti ile ni sumu.)

Maelezo ya pakiti yanazungumzia juisi mbichi tu, na hapo namlaumu mtengenezaji. Kimeng'enya hiki hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kuchachusha; kileo kikishaingia kinazubaa, na baridi inakizubaisha zaidi. Kwa hiyo nilizidisha kipimo maradufu, nikakikoroga kwanza kwenye maji kidogo, kisha nikautoa mtungi bandani na kuuweka jikoni karibu na hita.

Siku za kwanza, kimya. Baadaye ukaonekana mstari shingoni mwa mtungi: juu rangi ya dhahabu, chini bado uji. Mstari ukawa unashuka, taratibu mno, mpaka nikaweza kuona vigae vya ukuta upande wa pili. Nikaihamisha kwa mpira bila kugusa mashapo. Ladha sikuona imepungua.

Mtungi wa pili niliutia udongo wa bentonaiti, ambao bei yake ni nafuu zaidi. Haukubadilika, kwa sababu udongo huo hukamata protini. Na msivitie vyote viwili kwa pamoja: bentonaiti hunasa hata kimeng'enya chenyewe. Jelatini sikuijaribu. Hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, na nina wageni wasiokula nyama, wakati pektinesi ya dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa kuvu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na yale maelezo. Nunueni pakiti ndogo na muiweke kwenye friji, unga ukikaa sana hupoteza nguvu. Msimu ujao naitia kwenye juisi usiku ule ule wa kukamua, chachu itafuata kesho yake.