Nimeishusha besi yangu ya nyuzi nne mpaka B: fundi, mfupa wa ng'ombe na wiki tatu za kusubiri

Chanzo cha yote ni kitufe kimoja cha kinanda. Ibada ya kwanza usharikani kwetu inaanza saa moja asubuhi, na saa moja asubuhi ya Julai hapa Arusha hakuna soprano mwenye sauti. Mwalimu wa kwaya anageuka, anaonyesha vidole viwili kuelekea chini, mpiga kinanda anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kushusha au kupandisha sauti ya kinanda kizima, wimbo umeshatoka E uko D. Vidole vyake havijahama hata kidogo. Mimi wa gita la besi ndiye ninayeumbuka: noti yangu ya chini kabisa ni E, hiyo D ya chini yake sina, inabidi niruke oktava nzima juu na wimbo unabaki unaelea. Mkono wa kushoto wa kinanda unapiga chini kuliko besi! Nimeivumilia aibu hiyo miaka minne.

Nilianza na dawa ya bure, kulegeza. Uzi wa E nikaushusha mpaka D, na kwa nyimbo kadhaa ilitosha. Anayehitaji D peke yake asihangaike na mengine yote nitakayosema hapa. Mimi nilishindwa kwa sababu uzi mmoja umehama na tatu zimebaki, vidole vikawa vinakosea G na A kila tukifika kwenye kiitikio. Basi nikashusha zote nne, kutoka E A D G za kawaida mpaka D G C F. Zikawa kamba za kuanikia nguo. Kila nikipiga kwa nguvu zinagonga freti, vile vichuma vilivyolala kukatiza shingo, na mwalimu akishaona D imepatikana akaanza kuomba C.

Kwa nini zinalegea kiasi hicho? Mvutano wa uzi unafuata mraba wa masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. E ya besi ni hezi 41.2, D ni 36.7. Gawanya, zidisha kwa yenyewe, utaona uzi uleule ukiushusha mpaka D unabaki na asilimia 79 ya mvutano. Ukiushusha mpaka B, ambayo ni hezi 30.9, unabaki na asilimia 56. Karibu nusu imepotea, na hakuna fundi wa kuirudisha kwa spana. Kinachotakiwa ni uzi mnene zaidi.

Kwa hiyo unanunua seti ya besi ya nyuzi tano, unaweka kando ule mwembamba wa G, unafunga nne zilizobaki: B E A D. Nilichukua D'Addario EXL170-5, ambayo unene wake ni 45, 65, 80, 100 na 130. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi. 130 ni milimita 3.3, wakati uzi wangu mnene wa zamani, 105, ulikuwa 2.7 hivi. Hapa mjini seti za nyuzi nne nilizikuta, za tano sikupata, ikabidi rafiki aniletee kutoka Nairobi kwa shato ya Namanga. Nyuzi zenyewe sina neno nazo. Zina sauti ya kung'aa wiki mbili za kwanza, halafu zinatulia, na mimi nazipenda zikishatulia.

Sasa fundi. Yuko upande wa Sakina, anatengeneza redio, amplifaya na magita, jina lake halina kazi hapa. Nilimpelekea besi na nyuzi nikidhani ni kazi ya jioni moja. Akaushika ule wa 130, akauweka juu ya kile kipande cheupe chenye mifereji minne, pale nyuzi zinapotoka shingoni kwenda kwenye funguo za kukazia, akacheka. "Chalii yangu, hii haiingii. Hata ikiingia haitatoka."

Kweli haikuingia. Mifereji yote minne ilikuwa myembamba, maana kila uzi mpya ulikuwa mnene kuliko ule uliokuwa unakaa pale. Angeweza kuitanua kwa tupa, lakini plastiki ukishaichimba ndiyo basi, siku ukitaka kurudi kwenye E A D G nyuzi zitacheza ndani ya mfereji kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Akanipa wazo ambalo mpaka leo ndilo ninalomsifia: tukitoe kile cha plastiki kizima, tukihifadhi, achonge kipya cha mfupa. "Nenda buchani ulete mfupa wa mguu wa ng'ombe. Mnene."

Nikaenda soko la Kilombero. Mwenye bucha aliponiuliza ni wa supu au wa mbwa, nikamwambia ni wa gita, akaniangalia kwa muda kisha akaukata bila kuuliza tena. Mke wangu aliuchemsha kwa sabuni ya unga mara tatu kutoa mafuta (mafuta yakibaki, mfupa unageuka rangi na kunuka), ukaanikwa juani siku nne. Kwa Julai ya Arusha, jua hilo lenyewe ni la kuvizia.

Mifereji fundi aliichonga kwa vile vichuma vyembamba vyenye meno vya kuzibulia ncha ya tochi ya kuchomelea kwa gesi. Akamalizia kwa msasa laini aliouzungushia kipande cha uzi wa zamani. Sikuwahi kuwaza kifaa hicho, na kinafanya kazi safi: mfereji unatoka mviringo, una mteremko kuelekea kwenye funguo, uzi unakaa bila kubanwa. Nilichomsisitizia ni asichimbe sana, kwa sababu mfereji ukizidi kina uzi unalala kwenye freti ya kwanza na unaanza kukwaruza, na hapo unaanza upya na mfupa mwingine.

Kwenye funguo pia kuna mtego. Uzi mnene hivi usiukate kabla ya kuukunja. Acha kama sentimita kumi kupita ufunguo, ukunje pembe ya mraba, ndipo ukate. Ukikata kwanza, waya wa nje unaweza kulegea kwenye kiini chake na uzi unakufa kabla haujapigwa hata ibada moja.

Lawama zangu ni mbili. Aliniambia siku nne, nikakaa wiki tatu, na Jumapili mbili nikaazima besi ya vijana yenye ufunguo uliovunjika. Ya pili ni kubwa zaidi. Niliporudi nayo nyumbani, B ikipigwa wazi iko sawa, lakini ukipanda freti ya 7 kila noti iko juu kidogo, unapiga unaona uso wa mpiga kinanda unakunjamana. Jinsi ya kupima: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikilize, kisha ukandamize palepale. Sauti hizo mbili ziwe moja. Ya kukandamiza ikiwa juu, kile kijidaraja kinachoubeba uzi huo kwenye mwili wa besi kirudi nyuma. Fundi alikuwa amekirudisha mpaka kikagota kwenye springi yake akaona amemaliza! Nilirudi naye mezani, tukaitoa springi kabisa, kijidaraja kikasogea milimita tatu zaidi, kazi ikaisha ndani ya dakika kumi. Hiyo angeigundua kwa kuweka tyuna tu, kile kipimo cha noti.

Shingo aliipatia. Mvutano wa jumla ulipungua kidogo, shingo ikawa imenyooka mno, akalegeza chuma cha ndani robo mzunguko, akaiacha usiku kucha, akapima tena asubuhi. Ukibonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, upenyo kati ya uzi na freti za katikati uwe kama unene wa vocha ya kukwangua. Kwenye freti ya 12 nyuzi zangu ziko milimita mbili na nusu juu, B ameiacha tatu kwa sababu inatikisika sana.

Jumapili ya kwanza nikapiga C ya chini na hakuna aliyegeuka. Sauti ilikuwa kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Nikamlaumu fundi moyoni, nyuzi nikazilaumu, mpaka kijana wa mitambo aliponiruhusu niangalie miksa: kwenye chaneli yangu kitufe cha kukata sauti za chini ya hezi 80 kilikuwa kimebonyezwa. Msingi wa B uko hezi 31, sauti ya kwanza inayoandamana nao kwa juu iko 62. Vyote viwili vilikuwa vinakatwa mlangoni. Kitufe kikatolewa, spika ya inchi 15 ikaamka, na mama mmoja wa benchi la mbele akashika kifua.

Ninachokikosa ni sebene. Wimbo ukichangamka mwishoni besi inatakiwa ipande juu, iongee na solo, na uzi wa G ndio uliokuwa unaongea. Sasa napanda kwenye D mpaka freti za mwisho na mkono hautoshi. Kwa kwaya yetu, ambayo sebene tunapiga mara moja kwa mwezi mchungaji akiwa na furaha, nimekubali hasara hiyo. Kwa anayepiga bendi ya harusi, hapana, atafute besi ya nyuzi tano. Nilizoulizia zilizotumika zilianzia laki sita. Mimi fundi na nyuzi vyote pamoja havikufika laki mbili, mfupa ukiwa wa bure.

Uzi wa 45 uliobaki kwenye pakiti umeshachukuliwa na yule kijana aliyeniazima besi. Ufunguo wake bado haujatengenezwa.